Achia Kabla ya Ncha

Saa nane mchana hakuna mtu anayetoa kopi.
Jua limekaa juu ya mawe ya Mabatini kama mdai,
feni inazunguka kwa kusitasita,
na mimi, Kwandu, mpiga chapa wa barua za watu,
nafungua kivinjari, natazama kiduara kikizunguka, kikizunguka,
mpaka itokee pikipiki nyekundu
na juu yake mtu asiye na uso.

Hana leseni. Hana abiria.
Kofia ngumu anayo, mpya, haijawahi kuonja jasho.
Mshale wa kulia ni mafuta, wa kushoto breki,
wa juu anainama mbele, wa chini anaegemea nyuma.
Hiyo ndiyo sheria yote ya dunia yake,
nami nimeikariri kuliko sala ya asubuhi.

Twende.
Kilima cha kwanza ni cha watoto.
Cha pili kina mapipa; tunayaruka.
Cha tatu, hapo ndipo kidole changu kinapoingiwa na pupa:
gurudumu la mbele linainuka kama jogoo,
chombo kinapinduka,
mtu wangu anashuka kwa kichwa
na mguno wake uleule, wa kopo tupu.
Kabla sijasonya keshasimama pale mwanzo,
hana hata vumbi magotini.

Jana mara arobaini na moja. Nilihesabu
nyuma ya fomu ya mkopo iliyoharibika.

Ndaki akaja kutoa kopi ya kadi ya pikipiki.
Nikasahau kuficha.
Akasimama nyuma yangu, funguo zikilia kidoleni.
"Unakuja na moto mno," akasema.
"Kilima hakipendi kuvamiwa.
Achia kabla ya ncha."

Nikaachia kabla ya ncha.

Tukaelea.
Hata feni sikuisikia.
Tukageuka hewani mara moja, mara mbili,
magurudumu yakipapasa mawingu
yaliyochorwa na mtu asiyewahi kuona wingu la ziwani,
tukatua kwa gurudumu la nyuma, puu!
Nyota tatu.
Ndaki akapiga meza kama aliyefunga bao,
kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei:
"Akianguka, saitimira analipa nani?"

Halipi mtu, nikamwambia.

Akacheka, lakini kidogo.
Akakunja suruali, akanionyesha goti,
kovu linang'aa kama gamba la sato.
"Hili ni la Buzuruga, mvua za mwezi wa nne.
Mimi sikurudi mwanzo. Nilipelekwa Bugando,
wiki tatu, na mwenye chombo anadai hesabu."
Akaweka mia mbili juu ya meza, akaenda zake.
Umeme nao ukakatika,
ukaondoka na nyota zangu zote tatu.

Jioni nikapanda kwenda nyumbani.
Mawe yamebebana mgongoni, nyumba zimebebwa na mawe,
na njia inapita inapopata nafasi.
Chini kule ziwa limegeuka rangi ya sufuria.
Nikasikia injini nyuma yangu, nikajibanza ukutani:
Ndaki, na nyuma yake mama Milembe,
na mapajani mwa mama Milembe trei tatu za mayai.

Jiwe lile pale juu lina maji ya kufulia, linateleza.
Hakulivamia.
Mguu mmoja chini, ukipapasa kama wa kipofu,
injini ikinong'ona, shingo imekaza,
yai moja likagonga jirani yake, likatulia.
Mimi na kapu langu, mkoba begani,
kidole changu cha kulia kikibonyeza hewa,
achia, nikasema kimoyomoyo, achia, baba, achia,
na akaachia,
na chombo kikavuka ncha kama mtu anayevuka usingizi.

Hakuna kilichowaka angani.
Mama Milembe akashuka, akahesabu mpaka tisini,
akampa elfu mbili
na kusimama pale pale kusubiri chenji.