Chumvi ya Ipagala

Tumbawe la tatu limekuwa jeupe,
weupe wa mfupa, si wa harusi.
Nimebadili taa. Nimeosha chujio.
Nimemlaumu fundi, nikalaumu umeme
uliokatika Jumanne hadi saa tisa usiku,
nami nimekaa napulizia tangi
kwa pampu ya baiskeli.

Kila asubuhi maji yameshuka vidole viwili.
Hujaza. Kwa maji ya chumvi, kwa upendo,
kibaba juu ya kibaba:
bahari, nilidhani, haishibi chumvi.

Nyemo wa darasa la tano
anapitisha kucha kwenye utando mweupe wa kioo.
"Baba, upepo ukinywa, hunywa na chumvi?"

Kimya.
Nje, vumbi la Agosti; kanga zinakauka
kabla hazijabanwa kambani.

Bibi yangu alikwangua magadi mbuga za Bahi,
akayachemsha mpaka chungu kikabaki na cheupe.
Hakupimiwa na mtu. Alijua
kinachoondoka na kinachobaki.

Kwenye simtanki imesalia mvua ya Machi.
Nachota kikombe kimoja, maji matamu,
namimina polepole, pembeni,
kama anayeomba radhi.

Tumbawe halijasema kitu.
Kesho, kikombe kingine.