Kumi na Moja, Nne, Moja

Rekodi yako, Suwed, wameiandika hivi:
ushindi kumi na moja, kushindwa mara nne, sare moja.
Nimeisoma dukani Mabela, nikisubiri barafu.

Hawakuandika ndoo.
Miaka tisa nimeishika mimi, kaka mtu,
Manama, Kuwait, Dubai, kisha nyumbani Sib.
Najua damu yako inavyotanda majini
kama hina iliyokataa kushika.

Ushindi wa tatu: sekunde arubaini, kabari ya shingo.
Na usiku wa kuamkia?
Ulijifungia garini, vioo juu, hita inawaka,
Julai hii ya Maskati, makoti mawili mwilini,
unaitafuta nusu kilo ya kuitema.

Kushindwa kwa pili wanasema ni uamuzi wa majaji.
Majaji gani! Mama alikuwa kalazwa Khoula,
nawe kila raundi ulinitazama mimi,
mkono wangu, simu yangu,
badala ya kumtazama yule Mkazaki.

Ile sare watu wanaibeza.
Mimi ndiyo naipenda.
Mlikumbatiana chini hadi kengele,
hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia,
ukarudi pembeni, sikio limeumuka kama andazi,
ukaninong'oneza:
"Yule bwana ananukia udi wa baba."

Jana umetia sahihi tena. Doha, Desemba.
Miaka thelathini na saba, Suwed.
Sikusema neno.
Nimeisugua ndoo, nikaianika juani.