Kifungua-kopo

Nilijua yuko barabarani.
Nianzie hapo, maana mahakamani hawakuniuliza.
Waliuliza mwendo, waliuliza breki,
waliuliza jua lilikuwa limefika wapi;
nami nilikaa benchi la nyuma, kofia magotini,
nikingoja swali ambalo halikuja.

Saa kumi kasorobo, Antofagasta.
Kopo la samaki mkononi, paka miguuni,
na mimi, fundi mzima wa mitambo ya shaba,
nimeshindwa na jikoni la nyumba yangu.
Nikaandika: Kifungua-kopo kiko wapi?
Alama moja. Alama mbili.
Zikageuka buluu,
nikafurahi, Mungu anisamehe,
nikafurahi kwamba nimesomwa.

Barabara ya kutoka Calama ni kama imepigwa rula.
Hakuna mti, hakuna mbuzi wa kukukatiza.
Jangwa limekaa pande zote mbili kama mgeni asiyeongea
hata dereva huanza kudhani macho ni kitu cha ziada.
Yovanka ameipita miaka kumi na tisa
akiuzia kliniki vifaa vya meno,
hajawahi kuparuza hata kioo cha pembeni.
Aliinamisha kichwa kwa muda gani?
Hebu sema, polepole: Droo ya pili, chini ya vitambaa.
Umeshasema?
Basi, ndio muda wenyewe.

Kwa muda huo gari lilimeza karibu uwanja mzima wa mpira,
na mwisho wa uwanja alikuwepo Baudilio Mamani
amechuchumaa, anapaka upya mstari mweupe uliofutika,
ule unaotuambia: wewe huku, mwenzako kule.

Brashi waliiokota mbali.
Ndoo ya rangi haikumwagika.
Ilibaki wima, imejaa pomoni,
kama mtoto aliyeambiwa asitikisike.

Sasa lile nisilomwambia mtu:
jibu lilinifikia.
Saa tisa na dakika arobaini na saba, limekamilika, halina kosa hata la herufi.
Droo ya pili, chini ya vitambaa.
Na kweli kilikuwepo.
Nikafungua kopo. Paka akala, akalamba sahani.
Nikaosha uma, nikaukausha, nikaurudisha mahali pake.
Yote hayo niliyafanya
Baudilio akiwa ameshalala chali, anatazama mbingu isiyo na wingu.

Yovanka yuko hai, kama hayo ni maisha.
Akisikia mlio wa ujumbe, hata wa jirani,
mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu.
Hukanyaga, hukanyaga,
anatafuta breki chini ya meza ya chakula.

Huku kwetu mtu akifia njiani hujengewa kijumba,
kidogo kama banda la njiwa, roho ipate pa kushukia.
Cha Baudilio ni cha bati, kimepakwa buluu,
na wapita njia huacha chupa za maji, wakidhani ana kiu.
Jumamosi huenda kwa basi, nikafuta vumbi.
Sikuwahi kusema mimi ni nani
hadi mjane wake, Eudocia, aliponikuta na kitambaa mkononi.
Nikamweleza. Swali, droo, paka, vyote.
Alikaa kimya, lori mbili zikapita.
Kisha akauliza:
"Na kopo, ulilifungua?"

Nilisema ndiyo.

Hakunipiga. Laiti angenipiga.
Alinipa chupa tupu, akaonyesha dumu lilipo.

Wewe unayempenda mtu aliye njiani,
kaa na njaa yako. Kaa na swali lako.
Paka angengoja.
Wallahi, paka angengoja.

Mstari mweupe bado umekatika pale.
Hatua nne mbele unaanza mwingine,
mwembamba kidogo,
wa mkono wa mtu mwingine.