Kuanzia Kifuani

Studio yetu iko juu ya duka la miwani,
mtaani Bupyeong, mjini Incheon.
Ngazi ni nyembamba. Wanaume huzipanda
na tabasamu walilolifanyia mazoezi nyumbani,
wamelibeba kama bakuli la supu, lisimwagike.

Bi Seon-rye hupiga picha. Mimi hupiga pasi.
Nyuma ya pazia nina makoti kumi na moja,
tai za kubana kwa klipu,
na mashati mawili yasiyo na mgongo.
Wanenao kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako
wamenena kweli,
ila sisi huishia kifuani.

Ukiniuliza, nitakwambia.
Nyeusi tii usivae: pazia letu ni jeusi pia,
kichwa kitabaki kinaelea peke yake, puto lisilo na mtoto.
Chukua buluu ya usiku, au kijivu cha majivu ya jana.
Mistari myembamba iache kabatini,
mbele ya kamera huanza kucheza,
na mwajiri atashikwa na kizunguzungu kabla hajasoma jina.
Kola ipitishe vidole viwili.
Kikipita kimoja, unafanana na mdaiwa.
Vikipita vitatu, shati ni la kaka yako
hata kama risiti unayo.
Toa simu. Toa funguo. Kalamu pia, daktari hatujamwita.
Ukikaa, ukalie mkia wa koti, mabega yatulie.

Suruali? Shauri yako.
Nimewaona mameneja wa kesho
wamekaa hapa na kaptura, na kandambili za bafuni.

Jumanne, mvua, akaja Bwana Pyo Du-shik,
miaka thelathini na miwili juu ya kreni bandarini,
sasa anaomba ulinzi wa usiku kwenye jumba la maghorofa.
Alikuja na koti lake ndani ya mfuko wa nailoni:
kahawia, la harusi,
kola pana ungedhani litaruka.
"Hili lina bahati," akasema.
Nikamwambia kahawia itamtia umanjano usoni.
Akanitazama, akanikabidhi mfuko kwa mikono miwili.

Buluu ikamkaa.
Nilimfunga kifungo cha juu, akainua kidevu kama mtoto anayevalishwa sare,
na pale shingoni nikaona
mahali jua la bandari lilipoishia,
mstari ulionyooka kuliko kola yoyote niliyowahi kuipiga pasi.

Picha ikatoka. Mlinzi kamili: macho mawili, masikio mawili, hana deni.
Akaishika kwa ncha za vidole, muda mrefu.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kabichi:
"Mnaweza kuikuza?
Saizi ile ya fremu. Ile ya utepe mweusi.
Mke wangu asije akahangaika kupekua makabati siku hiyo."

Mvua ilikuwa inapiga kibao cha duka la miwani.
Bi Seon-rye akasema, "Tunaweza."
Akafikiri. Akageuka kwangu.
"Basi ya pili, nipe koti langu."

Nikalitoa mfukoni. Halikuwa limepigwa pasi.
Nilitaka kulipeleka mezani, akanizuia.
Akalivaa na mikunjo yake, na harufu ya nondo,
akakaa bila kukalia mkia,
mabega yakapanda hadi karibu na masikio,
kola ikatanuka, uso ukawa manjano kama nilivyosema.
Nikafunga mdomo.
Bi Seon-rye hakumwambia atabasamu. Alitabasamu mwenyewe,
si lile alilopanda nalo.

Ndogo tukazikata, nane kwa bahasha.
Kubwa tukaiviringisha ndani ya gazeti la juzi.
Akashuka ngazi upande upande, kwa magoti ya kreni.

Koti la buluu lilikuwa bado na joto lake.
Nililiacha kidogo.
Halafu nikachomeka pasi:
saa tisa tulikuwa na kijana wa benki,
na alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza
kama nyeusi inafaa.