Alama ya Kuzidisha

Kilichobaki kwenye lebo ni x tu.
Jua la Gympie limelamba mengine yote:
jina la mama upande wa kushoto,
jina la baba upande wa kulia,
na mwaka, kama uliwahi kuandikwa.
Alama ya kuzidisha, bila namba,
imesimama kama msimamizi wa harusi
aliyesahauliwa kanisani.

Dola tano, sanduku la mwisho la mnada,
wiki mbili baada ya kumzika Verna Pascoe
aliyeozesha bromelia miaka arobaini
kwa brashi ya wanja na subira ya paka.
Wanawe walitaka vyungu viondoke, nyumba iuzwe.
"Chukua, Desley. Hayo mananasi yasiyozaa."

Sikubisha. Nanasi ni binamu yake, kweli,
ila binamu aliyekwenda sokoni.
Huyu alibaki nyumbani, kifua kimejaa maji,
akifuga chura.

Ambrose Kuhl amekuja na lenzi yake
ya kusomea chupa za dawa.
Tunaligeuza jani. Chini, mistari ya kijivu,
kama mtu aliyeshika ukuta kwa vidole vya unga.
"Spectabilis," anasema. "Na tazama ncha,
kucha imepakwa rangi."
Kucha nyekundu hata mimi ninazo, namwambia,
na mama yangu hakuwahi kupaka.
"Basi haya mabaka? Marmorata."
Labda. Lakini miiba je, mbona mipole hivi,
msumeno wa kuchezea watoto?

Tunamsengenya mbele ya uso wake
hadi chai inapoa,
kama mashangazi juu ya mtoto mchanga:
pua ya nani hii, masikio ya nani,
nani alipita hapa siku ile?

Nasi twajua rangi ni shahidi mwongo.
Umleavyo ndivyo akuavyo:
kivulini angekuwa kijani, shingo ndefu, mnyonge;
juani anaiva damu.
Nitatenganishaje urithi wa wazazi
na urithi wa wavu, wa mbolea,
wa mvua ya mawe ya Novemba ile
iliyotoboa paa la Verna na kila jani chini yake?

"Ngoja maua," anasema Ambrose. "Maua hayana adabu,
husema yote."

Nikangoja miezi kumi na minne.
Asubuhi moja kikombe kikageuka rangi ya divai,
na chini, majini, ua moja la samawati,
dogo kama kifungo cha shati la mtoto,
likafunguka saa tatu.
Nilimpigia Ambrose. Alikuwa kwa daktari wa macho.

Nikaangalia peke yangu. Halikusema kitu.
Ila nyuki mdogo, mweusi, wale wasiouma,
alitoka humo miguu imevimba chavua
akaenda zake chungu cha jirani,
mshenga asiyeandika popote.

Hapo nikacheka, nikashika meza.
Labda jua halikufuta neno.
Labda Verna aliandika x,
akainua kalamu, akafikiri,
akaiweka chini akaenda kumwagilia.

Kitanda hakizai haramu,
na kitanda changu ni meza ya mabati yenye kutu.
Amechanua, kwa hiyo ameanza kufa, ndivyo walivyo,
taratibu, bila kumsumbua mtu;
ubavuni ametoa machipukizi mawili
yenye kucha tayari.

Nimekata lebo mpya kutoka kopo la maziwa ya mgando.
Nimetumia penseli, maana penseli haiogopi jua.
Katikati, x.
Kushoto nimeandika Verna.
Kulia nimeacha nafasi
inayotosha jina refu.