Kola Iliyoungua

Mwaka ule mvua ilipokatika Februari
uliunguza kola, baba,
shati la bwana shamba wa Bahi,
jeupe, la kwendea kikao.
Moshi ulijaa kibandani ukavuka hadi kwa muuza zabibu,
na yeye ndiye aliyepiga kelele.
Wewe ulikuwa umesimama palepale, pasi ya mkaa mkononi,
ukimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.
"Sikusikia harufu," ulisema.
Tulikucheka.
Mama alilipa shati kwa madebe mawili ya uwele
na uwele wenyewe ulikuwa wa kuhesabu.

Leo, miaka kumi na moja baadaye,
niko zamu ya usiku maabara,
upepo wa Dodoma unagonga madirisha kwa mchanga,
na kola ile bado inaniunguza mimi.

Kwa kuwa pua hutangulia.
Kabla mkono haujatetemeka ukiwa umepumzika pajani,
kabla hatua hazijafupika,
mara nyingi pua huwa imeshafunga duka.
Hakuna aliyetuambia. Hata mwenye kujua hakuwapo.

Ngoja nikueleze kwa kazi yako.
Kila seli ina kibanda cha dobi ndani yake.
Protini huzaliwa nyuzi ndefu, legelege,
kanga iliyotolewa sasa hivi majini,
haifai kitu mpaka ikunjwe:
mkono huku, kola kule, kifungo kikae juu.
Wapo wasaidizi wa kushika ncha, kitambaa kisijisokote.
Iliyokunjwa vibaya hukunjuliwa, ikakunjwa tena.
Isiyorekebika hutiwa alama,
kama ulivyotia herufi zako za wino ndani ya kola,
kisha hupelekwa kwa mkasi, irudi kuwa nyuzi za kushonea nyingine.
Usiku na mchana. Nkuhungu yote ikilala, huko hakulali mtu.

Chini kabisa ya ubongo wako pana kiraka cheusi,
seli chache zenye kazi nyingi,
zinazotengeneza dopamini ili mguu ukitaka, uende.
Humo protini moja, alfasinukleini, ilikunjika upande.
Moja si neno.
Lakini ikamfundisha jirani kukunjika hivyohivyo,
na jirani akamfundisha jirani,
na mkasi ukachelewa,
na rundo likapanda hadi mlangoni,
mpaka dobi akakosa pa kusimama.

Najua, mfano wangu unavuja.
Wewe hukuwahi kulaza nguo ya mtu.
Shangazi Mbeleje anasema ni kijicho cha watu wa sokoni.
Mwalimu wangu anasema rundo hilo
pengine ndilo linaloua seli, pengine ni kaburi lake tu,
na akishasema hivyo anafuta miwani.
Kati yao wawili sijui nani ana usingizi mzuri.

Dawa umeze nusu saa kabla ya kula, baba.
Nyama na maharage hugombea mlango uleule na kidonge.
Tena usimfiche mama kijiko;
mlenda kukuponyoka si aibu.

Jumamosi nilifungua daftari la wateja.
Majina ya zamani yamejaa mstari, manene, ya kujidai.
Kisha yanapungua, mwaka hadi mwaka,
hadi ukurasa wa mwisho: punje za uwele,
chungu wakielekea ukingoni.
Sikusoma. Nilihesabu tu.

Ulikuja nyuma yangu kwa hatua zako za kuburuza,
ukachukua koti langu jeupe la maabara kwenye msumari.
Ukalitandaza mezani.
Mkono wa kushoto ulicheza, wa kulia ukaukalia.
Robo saa nzima.
Nilitaka kusaidia, ukanitazama, nikakaa.

Nimelivaa usiku huu.
Lina mkunjo mmoja umekwenda pembeni, mgongoni,
siuoni, ila nikiinama kwenye hadubini
nausikia.