Kisanduku cha Nne

Nimepasua boksi la biskuti, nimelilaza sakafuni,
chumba cha kupanga Nkuhungu, umeme umekatika tangu saa kumi,
nikachora visanduku tisa kwa penseli.
Tisa, kwa sababu boksi liliishia tisa.
Mipango mingi huzaliwa hivyo; tunaificha tu.

Kisanduku cha kwanza, picha: shamba la zabibu Hombolo,
nguzo, nyaya, majani yenye vumbi la asubuhi.
Chini yake maneno. Niliandika arobaini na mbili,
nikakata, nikakata, yakabaki sita:
*Mwaka ule lori la mnunuzi halikuja.*
Nikajiona fundi.

Cha pili, sauti. Ninayo kwenye simu, dakika kumi na saba:
Shangazi Foibe anahesabu ndoo,
kwa Kigogo mpaka kumi, kisha anahamia Kiswahili
maana bei huja kwa Kiswahili.
Nyuma yake upepo unapiga kipaza sauti
kama mtu anayepuliza uji.

Cha tatu, video: nzi, sekunde ishirini,
juu ya vichala vilivyopasuka vikavuja sukari.

Na cha nne, nilichokizungushia mistari miwili:
uso wake. Msomaji aguse kioo, uso ujae.
Pembeni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe,
"hapa alie kidogo, kisha aendelee."

Jumamosi nikalikunja boksi, nikampelekea.
Alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha.
Nikamsomea kisanduku kwa kisanduku,
ungo unapanda, unashuka, makapi yananiangukia miguuni.
Nilipofika cha nne ungo ukasimama.

"Shamba la kwanza," alisema. "Ndoo za pili. Nzi wa tatu.
Yaani mimi natanguliwa na nzi?"

Tulicheka. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

"Uso usiweke, Damari.
Mwaka ule nilikopa kwa watu watatu.
Wawili nimewalipa. Wa tatu amesahau,
na kila Jumapili namwombea asikumbuke."

Mgongo, basi?
"Mgongo aliuona nikiondoka na hela zake."
Kivuli?
"Kina bega moja juu, ndoo ndiyo iliyolipandisha.
Hombolo nzima wanakijua."
Mikono, shangazi. Mikono tu.
Akaitazama, akaigeuza upande wa pili
kama mtu aliyepewa chenji asiyoiamini.
"Mikono nitafikiria. Sauti weka.
Hakuna aliyewahi kukaa akanisikiliza nikihesabu."

Usiku huu nimewasha mshumaa, nimefuta cha nne
mpaka boksi likatoa manyoya.
Sauti nimeihamishia humo, juu ya kioo cheusi,
bila jina, bila kitufe cha kuruka mbele:
mia na kumi, mia na kumi na moja,
mia na kumi na mbili,
kisha bati linagonga ardhi
(amepindua ndoo, amekaa juu yake)
na upepo, ule niliopanga kuukata,
unabaki peke yake kazini
sekunde thelathini na nane. Nimezipima. Ni nyingi.
Kuna msomaji atakayeondokea hapo. Aende salama.

Nzi nimewapeleka cha saba.
Picha ya uso nimeifuta kwenye simu;
simu imenijibu kwamba sasa ina nafasi.
Cha pili kiko wazi.
Nimeandika humo kwa herufi ndogo, "mikono?",
na alama ya kuuliza nimeikoleza mara tatu
nisije nikairuka siku nitakapojiona fundi tena.